Ndege wa Karatasi Juu ya Kosha

Ukoo mzima humwita mume wangu Mjapani. Akiingia majlisi, sebule ya wanaume, ami zake humwinamia kama wanavyoona kwenye televisheni, kisha hucheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye hutabasamu na kuketi karibu na mlango. Mimi sicheki, na nimeshawaambia wenye kunisikia kwamba mzaha huo umechacha. Yaqdhan alikaa Japani miaka saba akisomesha Kiingereza, na namna alivyoondoka huko si jambo la kuchekewa.

Siku hizi anasomesha hapa hapa Maskati, katika chuo kidogo cha Bawshar, watu wazima wanaotumwa na makampuni yao. Huja wamechelewa, huzungumza na simu darasani, na mmoja aliwahi kumwambia, "Ustadhi, nipe cheti tu, Kiingereza nitakitafuta mwenyewe." Yaqdhan hakasiriki. Anaandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wake mzuri, anaanza somo. Jioni anarudi Al Amerat kwa njia ya mlimani, anakula, anacheza na mwanetu, analala. Ukimwona utasema ni mtu mtulivu tu wa Mungu. Mimi niliolewa naye wiki ile ile aliyovunjika moyo, kwa hiyo najua utulivu huo umetoka wapi.

Mama yake ni Bi Zakiya, aliyezaliwa Unguja akaja Maskati akiwa msichana wa miaka kumi na tano. Mpaka leo anaota kwa Kiswahili na kugomba kwa Kiarabu. Ana watoto wawili tu walio hai: Nasriya, mkubwa, na Yaqdhan, kitinda mimba. Baina yao ni miaka kumi na mbili. Bi Zakiya alikuwa akifanya kazi wizarani, kwa hiyo aliyemvisha Yaqdhan viatu, aliyemfundisha kusoma na aliyemtetea kwa baba ni Nasriya. Hapakuwa na mtu duniani ambaye Yaqdhan alimwamini kuliko dada yake. Angemwambia mchana huu ni usiku, angekwenda kuwasha taa.

Baba yao, Mzee Saeed, alifariki Yaqdhan akiwa mwaka wa pili Japani. Alianguka asubuhi ya Ijumaa, na baada ya laasiri alikuwa ameshazikwa. Sisi hatuweki maiti, na kutoka kule mpaka Maskati ni safari ya mchana na usiku. Yaqdhan alikuwa bado anatafuta tiketi walipomtumia ujumbe kwamba wamekwisha rudi makaburini. Toka siku hiyo alikuwa akilala na simu chini ya mto. Alimwambia Nasriya, "Dada, safari nyengine usiningoje mpaka mambo yaharibike. Nambie mapema." Nasriya akamwahidi.

Sasa nieleze ile skuli, maana bila ya hiyo mtu ataona mume wangu anadeka. Ilikuwa skuli ya binafsi, katika mji wa kaskazini wenye theluji miezi mitano, ya watoto wa miaka kumi na mbili mpaka kumi na tano. Kule mwalimu wa darasa si mtu wa kuita mahudhurio tu. Hula nao chakula cha mchana, hufagia nao, huandikiana na wazee wao kwenye daftari kila wiki, na hupanda nao darasa mwaka hata mwaka. Siku ya kumaliza, yeye ndiye anayesimama mbele ya ukumbi mzima akaita jina la kila mtoto. Mtoto huinuka, akaitika, akaenda kupokea cheti kwa mwalimu mkuu. Kazi hiyo hapewi mgeni. Yaqdhan alipewa kwa sababu mwalimu mwenye darasa alikwenda kujifungua, na mwalimu mkuu, mzee mmoja mkavu wa maneno anayeitwa Hayasaka, akasema watoto wanamsikiliza yule Muomani.

Watoto walikuwa ishirini na wanane. Mmoja wao, Natsumi, hakuwa akiingia darasani. Alikuwa na hofu ambayo hata madaktari hawakuipatia jina la maana. Asubuhi alifika skuli, akaishia chumba cha nesi, akakaa humo mpaka saa ya kurudi kwao. Mwaka mzima na nusu Yaqdhan alimpelekea kazi ya Kiingereza chumbani humo, kila siku, na yeye akairudisha bila ya kusema neno, na pembeni amechora paka. Mwezi wa Januari, chini ya paka, aliandika kwa Kiingereza: Ukiniita wewe, nitaingia ukumbini.

Yaqdhan alifanya mazoezi ya majina ishirini na nane kama mtu anayehifadhi juzuu. Mahafali yalikuwa Ijumaa, tarehe kumi Machi.

Katikati ya Februari Nasriya alimpigia simu, analia. Akamwambia mama kalazwa, moyo, madaktari wanasema aje haraka. Yaqdhan akaomba amwone mama kwenye video. Nasriya akasema wodi ile hawaruhusu simu. Akamwuliza mara ya pili kama ni kweli, na Nasriya akaapa, wallahi. Akamwambia, "Usije ukakosa kama ulivyomkosa baba." Alimpiga pale pale penye kidonda. Siku ya pili alikuwa angani. Kabla ya kuondoka alimwambia Mwalimu Hayasaka kwamba mamake yuko hali mbaya, lakini inshallah atarudi kabla ya mahafali.

Alifika nyumbani Al Amerat na begi moja. Alimkuta mama yake jikoni, mikono imejaa unga, anakanda sambusa za watu hamsini.

"Mama, si umelazwa?"

"Nimelazwa na mawazo, mwanangu," Bi Zakiya akasema. "Ugonjwa wangu ni wewe. Miaka saba nnakusubiri. Unataka nife ndio uje?"

Akamkumbatia na unga wake. Yaqdhan ananiambia kitu cha kwanza alichohisi ni furaha, kwa sababu mama alikuwa hai. Hasira haikuja mpaka alipoona kadi juu ya meza. Kadi za harusi, nyeupe na dhahabu, zilizokwisha kugawiwa, zenye jina lake na langu. Alkhamisi, tarehe tisa Machi. Walitaka kuwahi kabla ya Ramadhani.

Na mimi je? Mimi ni Wijdan binti Ghanim, nna duka la dawa Bawshar, na mpaka mwaka ule nilikuwa nimekataa posa tatu. Na mume wangu tulikuwa tukijuana kwa mbali, kwa harusi na matanga. Nasriya alikuja kwetu mwezi wa Disemba, akakaa karibu yangu, akaniambia kwa sauti ya siri, "Ndugu yangu kachoka na Japani. Anarudi. Nimemwuliza nani unamtaka, kakutaja wewe kwa jina lako." Mtu mzima mimi, miaka ishirini na tisa, nimesoma, nikavishwa kilemba cha ukoka nikakivaa. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango, nikacheka peke yangu kwa furaha. Nikamwambia baba, huyu ndiye.

Yaqdhan hakuwa ameulizwa lolote. Alijua juu ya harusi yake siku ile ya sambusa.

Hata hivyo hakugoma. Watu wa nje hawafahamu hapa: kadi zimetoka, baba yangu ameshakodi ukumbi, na kumwacha mtoto wa watu wiki tatu kabla ya harusi ni kumtia doa la maisha. Hakutaka kunitia doa mtu ambaye hakumkosea. Basi akatafuta njia ya katikati. Akamwambia Nasriya, "Nikahi mimi nakubali. Nifungeni Jumanne, Jumatano niruke, Ijumaa niwaite wale watoto, Jumatatu nimerudi. Harusi isogezwe wiki moja tu. Nenda kamwulize Wijdan."

Ndivyo tufanyavyo. Kabla ya nikahi bwana na bibi harusi hawapigiani simu. Maneno hubebwa na wanawake, na mbebaji wetu alikuwa Nasriya. Siku hiyo alikuja kweli nyumbani kwetu. Nakumbuka vizuri. Alikunywa chai, akanipima bangili mkononi, akasema nimekonda, akaondoka. Harufu ya habari ya Japani hakuitoa. Akarudi kwa nduguye akamwambia: "Wijdan kasema, ukiondoka kabla ya harusi, usirudi. Na baba yake kasema hivyo hivyo."

Lau angeniuliza. Ningemwendesha Yaqdhan uwanja wa ndege mwenyewe, na sambusa za njiani ningemtilia.

Yaqdhan akaamini. Akamwandikia Mwalimu Hayasaka kwamba hataweza kuwahi, bado yuko na mama. Hakuandika uongo, ila ukweli pia hakuuandika, kwa sababu aliona haya kumwambia mtu mgeni kwamba mama yake na dada yake wamemdanganya. Hilo ndilo kosa lake, na analijua.

Kule Japani barua ikasomwa darasani. Watoto wakafahamu kwamba mama wa mwalimu wao anakata roho. Wana desturi: mtu akiugua sana, jamaa na marafiki humkunjia ndege wa karatasi elfu moja, mfano wa korongo, wakawatunga kwenye nyuzi, wakampelekea awaning'inize penye kitanda, apone. Wakakunja siku tano. Walikunja wakati wa kula, walikunja kwenye basi. Mwalimu Hayasaka akawatia kwenye boksi, pamoja na bahasha ya barua za watoto, akaandika jina la Bi Zakiya na namba ya simu iliyokuwemo kwenye faili la Yaqdhan kama mtu wa kuitwa pakitokea dharura. Namba ya Nasriya.

Boksi lilifika Jumatatu ya wiki ya harusi. Nasriya alilifungua, akaona nyuzi za ndege wa rangi zote, wamekunjwa kwa ufundi, hakuna aliyepinda. Bahasha ilikuwa na jina la Yaqdhan, akaitia mkobani ampe harusi ikipita, ili asije akaanza tena habari za Japani. Ndege akawaona zawadi. Akamwonyesha Bi Zakiya: "Tazama mama, Wajapani wametuma mapambo." Bi Zakiya akasema mashallah, watu wana mikono. Wakawapeleka kwa yule anayepamba ukumbi.

Kwa hiyo usiku wa harusi yangu, kosha yetu, jukwaa la maharusi lenye kochi na maua, ilikuwa na ndege elfu wananing'inia juu yake. Wanawake wakipanda kunipongeza walikuwa wakiwagusa. Mpiga picha alisema hajapata kuona kosha kama ile Maskati nzima. Nilikaa chini yao nimenyooka, nikajiona malkia, na nilikuwa na haki, kwa sababu nilidhani nimetafutwa kutoka mwisho wa dunia.

Bwana harusi aliingia baada ya isha, na ami zake wawili. Vigelegele vikapaa. Alipanda, akanipa mkono, akaketi. Kisha akatazama juu.

"Hawa kawaleta nani?" akaniuliza.

"Si watu wako wa Japani? Zawadi ya harusi."

"Hawa hawapelekwi harusini. Hawa hupelekewa mgonjwa."

Mpiga picha akatuambia tutazame huku. Tukatazama.

"Mgonjwa nani?" nikamwuliza bila ya kugeuka.

"Mama. Wamewakunja kwa ajili ya mama. Nilikuja kwa sababu mama anakufa."

Nilitaka kucheka. "Mama yako aliumwa lini? Mwezi huu wote tunazunguka naye masokoni."

Akanigeukia hapo, mbele ya watu mia tatu, akanitazama kama mtu anayenisoma. Akaniambia habari ya mahafali, kwa maneno machache, na watu wakidhani ananisifu. Akasema, "Nilikuomba wiki moja. Ukasema nikenda nisirudi."

"Mimi?" nikasema. "Sikuambiwa kitu. Nasriya alikuja kunipima bangili."

Na mimi nikaona niulize langu. "Aliniambia umenitaja kwa jina. Mwezi wa Disemba. Kweli hukunitaja?"

Ni mtu mwema, alitafuta neno la kunisitiri akalikosa. Sijapata kuona haya kama zile, nimevaa dhahabu shingo mpaka kiuno, na chini yake nimeuzwa kama nazi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema wazee. Mimi kilikuwa kimenipima bangili.

Nasriya alipanda koshani, anatabasamu, ameona nyuso zetu. Yaqdhan akamwambia, "Dada, uliapa." Basi, hilo tu.

Nasriya hakukana. Akarekebisha shela langu mabegani, akasema kwa sauti ya chini, "Funika kombe, mwanaharamu apite. Watu wanatazama. Mambo haya tutayazungumza nyumbani."

Tulikaa tukapigwa picha saa nzima chini ya wale ndege. Picha zipo. Sote watatu tunacheka.

Asubuhi yake tulikuwa ghorofani kwa Bi Zakiya, kwenye vyumba tulivyotengenezewa. Tulipokuwa tunasali alfajiri, kule Japani mahafali yalikuwa yameanza. Yaqdhan alibaki juu ya msala mpaka jua likaingia dirishani. Nasriya alimletea ile bahasha, akaiweka mezani, asimtazame. Barua zilikuwa ishirini na nane, kwa Kiingereza alichowasomesha mwenyewe. Nilizisoma mimi, yeye hakuweza. Mama wa mwalimu, tafadhali pona. Mama wa mwalimu, tunakusubirini nyote wawili.

Saa mbili na nusu Bi Zakiya akaja na sinia: mkate wa kumimina, maini, chai ya maziwa. Alivaa nguo ya kijani mpya, hina mkononi, uso unang'aa. Ndipo simu ikalia, video, kutoka Japani. Yaqdhan akasita. Nikaipokea mimi, maana nilichoka na watu kuamua nani ajue nini.

Skrini ilijaa watoto wenye sare nyeusi na ua kifuani. Walikuwa wamerudi darasani na vyeti vyao. Wakamwona Yaqdhan wakapiga kelele, kisha mmoja akauliza, mama yuko wapi, mama ana hali gani. Bi Zakiya alikuwa nyuma yake na birika. Watoto wakamwona.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Waliruka. Walikumbatiana. Msichana wa miwani alilia wazi wazi. Wakamwambia kwa Kiingereza, pamoja, "Umepona! Umepona!" Mwalimu Hayasaka aliingiza uso pembeni, akainama mpaka tukaona kisogo.

"Wanasemaje?" Bi Zakiya akaniuliza.

"Wanasema umepona, mama. Ndege wale wa jana wamekutengenezea wewe, upone ugonjwa wako."

Akaiweka birika chini. Alitazama skrini muda mrefu, machozi yakamtoka. Akasema, "Waambie wameniponya. Waambie nnawaombea dua, mmoja mmoja."

Yaqdhan akawaambia. Wakapiga makofi. Kisha akawahesabu kwa macho, nikamwona anafika mwisho na kurudi mwanzo. Akauliza, "Natsumi?"

Makofi yakaisha. Msichana wa miwani akajibu polepole, akichagua maneno. Natsumi kakunja ndege mia mbili peke yake, chumbani kwa nesi. Leo alikuja, kavaa sare, mama yake kamshika mkono mpaka mlango wa ukumbi. Alisimama pale mlangoni. Jina lake likaitwa na mwalimu mwengine. Likaitwa mara mbili. Akageuka akaenda zake.

Simu ilipokatika, Bi Zakiya alikuwa bado anafuta macho kwa ukaya wake wa kichwani. "Watoto wema," akasema. "Na huyo mmoja cheti chake si watampelekea nyumbani?"

"Watampelekea, mama."

"Basi alhamdulillahi."

"Hakutaka cheti. Alitaka kuingia."

Nasriya, aliyekuwa kasimama mlangoni kwetu, akasema, "Mwandikie. Mwambie hukuweza kuja, mama alikuwa mgonjwa."

"Hilo analijua," Yaqdhan akasema. "Kamkunjia mgonjwa huyo ndege mia mbili." Hakupaza sauti. Alichukua ile barua ya Natsumi, yenye paka pembeni, akaiweka mezani kando ya mkate. "Nnataka mtu mmoja humu ndani anambie nimwandikie nini."

Akamtazama mama yake, akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi. Kosa sikuwa nalo. Lakini mikono yangu ilikuwa na hina mpya mpaka viwikoni, nikaificha chini ya meza, na nikainamisha macho pamoja nao.